Kiwambo kimoja, bunduki tatu: Hesabu mpya ya wakulima wa Texas

TANGU Januari 1, 2026, mkulima wa jimbo la Texas nchini Marekani anayenunua kiwambo cha sauti cha bunduki halipi tena kodi ya dola 200 kwa serikali kuu. Kodi hiyo ilianza mwaka 1934 na ikadumu kwa zaidi ya miaka 90 bila kupanda wala kushuka hata senti moja. Ndiyo iliyowafundisha wenye mashamba wengi wa huko ujanja mmoja wa kubana matumizi, yaani kununua kiwambo kimoja kikubwa na kukihamisha kutoka bunduki moja hadi nyingine.

Sasa kodi imeondoka. Linalobaki ni kujua kama ujanja huo bado una faida, au ulikuwa dawa ya ugonjwa ambao umekwisha pona.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, kiwambo cha sauti ni kitu cha riwaya za kijasusi, kinachofungwa kwenye bastola ya muuaji anayeingia hotelini usiku. Huko Texas ni kifaa cha shamba. Hukaa nyuma ya pikapu pamoja na koleo, seng'enge na dumu la dizeli, na kazi yake kubwa ni nguruwe.

Nguruwe pori wa Marekani si wa asili ya huko. Waliletwa na Wahispania katika karne ya 16 wakiwa mifugo, baadhi wakatoroka, na baadaye nguruwe mwitu wa Ulaya wakaongezwa na watu waliotaka mchezo wa kuwinda. Leo nchi nzima inakadiriwa kuwa na nguruwe hao wapatao milioni 6, Texas peke yake ikiwa na zaidi ya milioni 2, na hasara wanayoleta nchini humo inahesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni 1.5 kila mwaka. Jike hubeba mimba kwa siku 115 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mahindi yakipandwa leo, kundi linaweza kuingia usiku na kufuata mstari wa mbegu kama linasoma, likifukua punje moja baada ya nyingine hadi mwisho wa shamba. Karanga, mtama na malisho ya ng'ombe navyo havipati nafuu.

Mkulima wa kwetu anayekesha kwenye dungu akipiga madebe ataielewa shida hiyo bila kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba mwenzake wa Texas anaruhusiwa kupiga risasi usiku na mchana katika ardhi yake, na tangu Septemba 2019 hata mgeni wake hahitaji leseni ya uwindaji kwa nguruwe hao, mradi mwenye ardhi amekubali.

Isidhaniwe kwamba bunduki ndiyo inayomaliza tatizo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wamekadiria kwamba ili idadi isipande, theluthi mbili hivi ya nguruwe wa eneo lazima waondolewe kila mwaka, na kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi na mitego mikubwa ya uzio inayonasa kundi zima kwa mara moja. Bunduki ni ya wale wanaobaki, wajanja waliokwisha kuona mtego. Na kwa hao kelele ni hasara. Mlio mmoja wa bunduki ya .308 hupita desibeli 160, wakati sikio linahesabiwa kuwa hatarini kuanzia desibeli 140 kwa mlio wa ghafla. Mkulima anayefyatua mara tano kila usiku bila kinga anauza masikio yake kwa bei ya mahindi. Jirani naye anaamshwa, mbwa wanabweka, ng'ombe wanaruka uzio.

Kiwambo hupunguza desibeli kati ya 20 na 35 hivi. Hakinyamazishi bunduki kama sinema zinavyodai. Risasi ya .308 hutoka ikienda mita 800 hivi kwa sekunde, na kwa kuwa sauti yenyewe huenda mita 340 tu, risasi hupasua hewa kwa mlio mkali ambao kiwambo hakiwezi kuugusa. Kinachozuiwa ni ule mlipuko wa gesi kwenye mdomo wa mtutu. Ndiyo maana nguruwe aliye mbali husikia kitu, lakini mara nyingi hajui kimetoka upande gani. Mpigaji mwenyewe bado anashauriwa kuvaa kinga ya masikio.

Kodi iliyozaa ujanja

Aliyekifanya kiwambo kuwa bidhaa ya dukani ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909. Huyu ni mtoto wa Hiram Maxim, yule aliyetengeneza bunduki ya rashasha iliyotumiwa sana na wakoloni hapa Afrika. Baba alileta kelele, mtoto akauza kinga yake. Wazo la kiwambo ni lile lile la ekzosi ya gari: gesi ya moto inapitishwa kwenye vyumba kadhaa ndani ya bomba, inapoteza nguvu na joto, kisha inatoka taratibu. Katikati ya kila chumba kuna kisahani chenye tundu ambalo risasi hupita bila kugusa popote.

Mwaka 1934, Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya kudhibiti silaha za majambazi, viwambo viliwekwa kapu moja na bunduki za rashasha. Kila kimoja kilitakiwa kuandikishwa na kulipiwa dola 200, kiasi ambacho kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 4,000. Biashara ikafa kwa miaka mingi. Lakini dola 200 hazikuongezwa, mfumko wa bei ukazila polepole, na kufikia miaka ya 2000 mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuzimudu. Texas yenyewe iliruhusu viwambo katika uwindaji wa wanyama wote wa kuwindwa mwaka 2012. Hivi sasa majimbo 42 kati ya 50 huruhusu raia kuvimiliki.

Hesabu ya zamani ilikuwa rahisi. Chukua mkulima mwenye bunduki tatu: .223 ya mbweha na nguruwe wadogo, 6.5 Creedmoor ya kulungu wa mbali, na .308 ya madume makubwa. Kama kila kiwambo ni dola 800, vitatu vingemgharimu dola 2,400, na kodi dola 600 nyingine, jumla 3,000. Kwa kiwambo kimoja angelipa dola 1,000 tu pamoja na kodi. Juu ya hapo kulikuwa na kusubiri. Maombi ya kila kiwambo yalipelekwa na alama za vidole na picha kwa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko, na kwa miaka mingi jibu lilichukua miezi, wakati mwingine karibu mwaka mzima. Hali ilibadilika mwaka 2024, maombi yaliyotumwa kwa mtandao yalipoanza kujibiwa kwa siku au wiki chache.

Kwa hiyo aliyenunua kimoja alinunua kile cha .30, yaani chenye tundu la kutosha risasi ya .308.

Tundu ni bwana

Kanuni ya kwanza ya kushirikisha kiwambo haina mjadala: risasi ndogo hupita kwenye tundu kubwa, risasi kubwa haipiti kwenye tundu dogo. Risasi ya .223 ina upana wa milimita 5.7. Ya 6.5 Creedmoor ni milimita 6.7. Ya .308 ni milimita 7.8. Kiwambo cha .30 chenye tundu la milimita 9 hivi huzipitisha zote tatu.

Gharama yake ni ndogo kuliko wengi wanavyohofu. Risasi ya .223 inapopita kwenye tundu lililotobolewa kwa ajili ya .308, gesi nyingi zaidi huwahi kutoka pembeni mwake, na mlio huongezeka kwa desibeli chache tu kulinganisha na kiwambo chake halisi. Kwa upande mwingine kuna faida ambayo wauzaji huisahau. Tundu pana hurudisha gesi kidogo nyuma, na kwa bunduki zinazojipakia zenyewe, kama zile za jamii ya AR-15, gesi inayorudi ndiyo inayomwingia mpigaji machoni na kuchosha vyuma kabla ya wakati wake.

Kinyume chake ni maafa. Kiwambo cha .223 kikifungwa kwenye .308, risasi hugonga visahani vya ndani, hupasua bomba na kupeleka vipande mbele au pembeni. Dola 800 zimekwenda kwa sekunde moja, na kama aliyesimama karibu hakuumia basi ana bahati. Haiwezekani kurekebisha hasara hiyo kwenye karakana ya nyumbani, kwa sababu sheria ya Marekani inahesabu hata kisahani kimoja cha ndani kuwa kiwambo. Kazi hiyo ni ya kiwanda au fundi mwenye leseni, na viwanda vingi havitoi dhamana kwa kosa la mtumiaji.

Mtu angeuliza, je, kitu hicho hakizuiliwi na nyuzi za skrubu? Huzuiliwa, lakini si sana. Bunduki nyingi za Marekani za .223 zina mdomo wenye nyuzi za nusu inchi, 28 kwa kila inchi, na zile za .30 zina nyuzi za inchi tano kwa nane, 24 kwa kila inchi. Kiwambo cha moja hakiingii kwenye nyingine, na kwa muda mrefu hiyo ilikuwa kama kufuli ya bure. Kasoro ya kwanza ni kwamba bunduki nyingi za risasi za bastola za milimita 9 nazo zina nyuzi zile zile za nusu inchi kwa 28. Kiwambo cha .223 huingia humo vizuri kabisa, kikakaza na kupendeza, huku risasi inayokuja ni pana kuliko tundu lake.

Kasoro ya pili imeletwa na urahisi wenyewe. Siku hizi mwenye bunduki tatu hafungi kiwambo moja kwa moja kwenye nyuzi. Huweka kwenye kila mtutu kipande cha chuma cha kudumu, halafu kiwambo hubandikwa na kuzungushwa mara moja kikashika. Viwanda vingi sasa vimekubaliana hata juu ya nyuzi za nyuma ya kiwambo, inchi moja na tatu kwa nane, 24 kwa inchi, ili mnunuzi achanganye kiwambo cha huyu na kishikizo cha yule. Ni maendeleo mazuri kwa mfuko. Lakini sasa kufuli imeondolewa mlangoni, na kinachozuia kosa ni macho ya mtu aliyechoka saa nane za usiku. Waangalifu huandika upana wa tundu kwa rangi nyeupe ubavuni mwa kiwambo, na huo ni ulinzi wa bei ndogo kuliko wote.

Ipo hatari nyingine isiyo ya kiwambo, ila huja na tabia ya kuchanganya. Risasi ya .300 Blackout, inayopendwa na wapiga nguruwe kwa sababu ipo ya mwendo wa chini usiopasua hewa, ilitokana na ganda la .223 lililofupishwa. Inaingia kwenye magazini ile ile. Ikiingia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya .223, inaweza kufyatuka humo, na kwa kuwa kichwa chake cha milimita 7.8 hakina pa kupita, bunduki hulipuka mikononi mwa mwenyewe. Mwenye kuzitumia zote mbili usiku mmoja na ashike magazini za rangi mbili tofauti.

Upana peke yake hautoshi

Tundu likishafaa, linafuata swali la nguvu. Risasi ya .300 Winchester Magnum ina upana ule ule wa .308 lakini baruti nyingi zaidi nyuma yake. Kiwambo chepesi cha .30 kilichotengenezwa kwa ajili ya .308 kinaweza kuipitisha mara kadhaa bila kulalamika kisha kikapasuka siku moja. Urefu wa mtutu nao unahesabika. Mtutu mfupi huachia gesi ikiwa bado na moto na shinikizo kubwa, kiasi kwamba .223 yenye mtutu wa inchi 10 hukitesa kiwambo kuliko ile ya inchi 20. Ndiyo sababu kitabu cha kiwanda hutaja aina za risasi na urefu mdogo kabisa wa mtutu unaoruhusiwa. Ukurasa huo ndio wa kusomwa kabla ya bei.

Halafu kuna kunyooka. Kiwambo cha gramu 500 chenye urefu wa sentimita 20 kinaning'inia mwisho wa mtutu kama mkono ulionyooshwa. Nyuzi zikiwa zimechongwa kwa upande kidogo tu, tundu la mwisho linahama na risasi inaugusa ukingo. Mafundi wa bunduki hutumia ufito wa chuma ulionyooka sawasawa, unaopitishwa ndani ya mtutu hadi utokeze kwenye tundu la mbele, na bunduki ikiwa tupu, ili kuona kama uko katikati. Anayeshirikisha kiwambo kwa bunduki tatu hana budi kupima bunduki zote tatu. Kupima moja na kuziamini nyingine ndiyo njia ya mkato inayowagharimu watu.

Uzito huo huo huhamisha mahali risasi inapopiga. Bunduki iliyolengwa bila kiwambo inaweza kupiga sentimita kadhaa chini au pembeni kikiwekwa, kila bunduki kwa namna yake. Dawa ni kuilenga kila moja kikiwa kimefungwa, kuandika tofauti, na kutofyatua bila kukirudisha. Hapo ndipo kushirikisha kunapochosha kweli. Mkulima akiingia shambani na bunduki mbili, moja itakuwa na kiwambo na nyingine itakuwa na kelele na lengo lililohama. Isitoshe, kiwambo kilichopiga risasi kumi mfululizo huwa cha moto wa kuchoma ngozi. Hakihamishwi kwa mkono mtupu.

Na ile bunduki ndogo ya .22, ya panya na sungura? Kwa upana inafaa, kwani risasi yake ni milimita 5.7 hivi. Kwa matumizi haifai. Risasi zake nyingi ni za risasi tupu, yaani madini yenyewe laini, na uchafu wake huganda ndani. Viwambo vingi vya bunduki kubwa vimechomelewa moja kwa moja na havifunguki, hivyo hujaa na kuongezeka uzito hadi vinakuwa si vya kazi. Kiwambo cha .22 hufunguliwa, husafishwa, na bei yake ni ndogo zaidi. Kuondoka kwa kodi kumemnufaisha mnunuzi wa kifaa hiki kuliko wa kingine chochote, maana zamani kodi iliweza kulingana na bei ya kifaa chenyewe. Usafi wake ufanywe kwa glavu na mbali na jikoni, kwani unga wa madini ya risasi ni sumu, na kwa watoto hasa.

Hesabu ya leo

Tukirudi kwa yule mkulima mwenye bunduki tatu, viwambo vitatu sasa ni dola 2,400 badala ya 3,000. Kimoja, pamoja na vishikizo vitatu vya kama dola 100 kila kimoja, ni dola 1,100. Bado kuna dola 1,300 za kuokoa, ambazo kwenye shamba ni mbegu au matengenezo ya trekta. Kwa anayetoka na bunduki moja kila safari, kiwambo kimoja cha .30 kinaendelea kuwa ununuzi wa busara. Kwa anayetoka na kijana wake, kila mmoja na bunduki yake, cha pili kimekuwa rahisi kukitetea mbele ya mama mwenye nyumba.

Kodi ilipofutwa kwa sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025, uandikishaji haukufutwa. Fomu, alama za vidole na idhini ya ATF bado zipo, na kiwambo kisichoandikishwa kinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10. Na hapa neno kushirikisha lina mpaka ambao familia nyingi huujua kwa kuchelewa. Kiwambo kinaweza kuhama kutoka bunduki hadi bunduki bila kumwarifu yeyote, lakini hakihami kutoka mtu hadi mtu. Baba aliyekiandikisha kwa jina lake anaweza kumwachia mtoto wake apige akiwa amesimama pale pale. Mtoto akikichukua peke yake kwenda shamba la chini wakati baba yuko mjini, kosa limetendeka hata kama nguruwe walikuwa kweli ndani ya mahindi.

Familia zinazotaka kukwepa hilo huandikisha kiwambo kwa jina la amana ya kisheria, na kila mtu mzima aliyetajwa humo kama mdhamini anaruhusiwa kukitumia peke yake. Tangu 2016 kila mmoja wao hupeleka picha na alama zake za vidole wakati wa maombi. Kuunda amana hugharimu kiasi fulani cha fedha na karatasi, na wenye mashamba madogo wamekuwa wakiona ni mzigo usio na lazima, mpaka siku mwenye jina anapolazwa hospitalini wiki ile ile ya kupanda.